Bati la mama mjane

Mimi ni mwalimu mzee, sasa nimepumzika. Kwa miaka mingi nilitunza sanduku la maskini katika parokia yetu hapa Bukavu. Nataka kuwaeleza jambo lililonipata katika kazi hiyo, wala si jambo la kunisifu. Sikuiba. Nasema hivyo tangu mwanzo, maana najua neno la kwanza linalomjia mtu akisikia habari za sanduku na feza. Sikuiba hata faranga moja. Walakini nilivunja kitu ambacho nilihitaji miaka sita ili kuanza tu kukijenga tena.

Mnakumbuka mwaka 2002. Siku ya 17 ya mwezi wa kwanza mlima wa Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukashuka ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Watu wengi mno walikimbia. Wengine walivuka mpaka wakaingia Gisenyi katika Rwanda, wengine walifika kwetu kwa bato. Hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea. Sisi wa Bukavu tulikuwa na taabu zetu za vita, lakini siku zile tulizisahau kidogo. Siku ya Mungu iliyofuata Padri alitangaza mchango, na watu wakatoa kama sijapata kuona. Mmoja alivua koti lake palepale mlangoni. Watoto wa darasa la tatu walileta sabuni, kila mmoja kipande chake, vingine vimekwisha kutumika.

Baada ya Misa mama mmoja mjane alinijia. Alikuwa akiuza makala karibu na soko la Kadutu, kwa mafungu madogo madogo, yale ya kupikia mara moja tu. Feza yake ilikuwa imefungwa katika pembe ya kitenge. Akafungua fundo polepole, akahesabu, akaniwekea mkononi.

«Mwalimu, hii ni bei ya bati moja. Nimeuliza dukani. Andika hivi: bati moja, liende Goma.»

Nikacheka kidogo, nikamwambia: «Mama, bati moja litafunika nini?»

«Wengine wataleta mengine. Mimi nimekwisha kulala chini ya mvua, najua. Andika bati.»

Nikaandika: bati moja.

Mwisho wa mwezi ule tulipeleka mzigo wa kwanza: mablanketi, maharage, sabuni, sufuria. Nilikwenda mimi mwenyewe pamoja na vijana wawili. Sitawaeleza yote tuliyoyaona. Mawe meusi yalikuwa yangali na joto, na watu walikuwa wakipita juu yake kutafuta mahali nyumba zao zilipokuwa. Tukatoa mzigo wetu kwa wale waliokuwa wakiupokea, tukarudi.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipotokea, nalo lilikuwa dogo sana. Bato halisafiri bure, na wachukuzi wa bandarini hawalipwi kwa sala. Tulikuwa tumelipa nauli, tumelipa mizigo, tumelipa na ushuru wa wale wenye bunduki waliokuwa wakitawala bandari wakati ule. Nilipokaa kuandika hesabu niliona haya. Nilifikiri: watu wametoa kwa ajili ya wenye kuumia, nao wakisoma kwamba sehemu ya feza yao ilikwenda kwa mwenye bato, watanung'unika. Basi nikaongeza bei ya maharage, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka nauli ikamezwa yote ndani ya maharage. Hesabu ikawa nzuri sana. Nikalala usingizi.

Kosa la pili lilikuja mwezi wa tatu. Feza ya mabati ilikuwa ingali sandukuni, kwa sababu bei ya mabati ilikuwa imepanda nasi tulikuwa tukingoja ishuke. Ndipo watoto wa kartie yetu wakashikwa na kuhara kukali. Dispansere ilikuwa haina serumu tena. Muuguzi alinijia usiku, akasema kuna watoto saba wamelala chini, na wawili hawatafika asubuhi wasipopata maji ya dawa. Padri alikuwa safarini. Tukakaa watu watatu wa kamati, tukatazamana, tukafungua sanduku. Tukanunua serumu kwa feza ya mabati ya Goma. Wale wawili wakafika asubuhi, na wote saba wakapona. Hata leo sijutii kununua serumu ile. Mtu akiniuliza kama ningefanya tena, nitamjibu: ndiyo, usiku uleule.

Lakini asubuhi ilifika, na siku ya Mungu ikafika, na siku ya Mungu nyingine tena, nasi hatukusema neno. Tuliona kwamba jambo lilikwisha vizuri, basi la kuongea ni nini?

Mwezi wa sita mama yule alikwenda Goma kumtazama ndugu yake. Kwa kuwa ni mtu wa akili, alifika mahali tulipokuwa tumetoa mzigo, akauliza habari za mabati ya parokia yetu. Wakamtazamia katika karatasi zao: mablanketi, maharage, sabuni, sufuria. Mabati hakuna. Akarudi. Baada ya Misa alinisimamisha mbele ya mlango wa kanisa, watu wakiwa bado wanatoka.

«Mwalimu, bati langu liko wapi?»

Nami, ndugu wasomaji, nilimjibu kwa furaha, kama mtu anayeleta habari njema. «Mama, bati lako limeponya watoto!» Nikamweleza serumu, usiku, muuguzi, wale wawili waliokuwa karibu na kufa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

«Kwani mimi ni adui wa watoto? Ungaliniuliza, ningalisema ndiyo. Nyumba yangu haiko mbali, makala unanunua kwangu kila juma. Mbona hukuniuliza?»

Sikuwa na jibu. Jibu nililipata baadaye, nikiwa peke yangu, nalo lilinitia haya kuliko swali lenyewe. Kulikuwa na mfanya biashara mmoja aliyetoa dola 100 katika mchango uleule. Kama feza yake ingalihitaji kubadilishwa kazi, ningalikwenda kupiga hodi mlangoni pake usiku uleule, nimevaa shati safi. Huyu mama sikumwuliza kwa sababu haikunipitia akilini kwamba yeye ni mtu wa kuulizwa. Aliyetoa kidogo nilimhesabu kama ametoa na kusahau. Kumbe yeye ndiye asiyesahau. Dola 100 za tajiri zilitoka katika zilizobaki. Bei ya bati ilitoka katika chakula.

Nilitaka kumlipa toka mfuko wangu. Nikakopa, nikanunua bati, nikalileta nyumbani kwake. Akalikataa. «Mimi sikutaka bati lako, Mwalimu. Nilitaka langu.»

Yeye mwenyewe hakupeleka habari kwa mtu. Lakini swali lake lilikwisha kusikiwa pale mlangoni, na neno lina miguu. Wakristu wakaomba kuona kitabu. Wakawa na haki. Nikakileta bila hofu, maana nilijua kwamba serumu imeandikwa, na karatasi ya duka ipo. Tena muuguzi alikuwa tayari kusema. Basi akainuka mama mwingine, muuza maharage, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwezi wa kwanza. «Maharage ya bei hii yaliuzwa wapi? Mimi mwaka ule niliuza hapahapa Kadutu.» Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko kucheka. Nikaeleza habari za nauli. Nani angenisadiki? Mtu aliyeficha nauli ndani ya maharage, kwa nini asifiche kitu kingine ndani ya serumu? Uongo wangu mdogo uliufanya ukweli wangu mkubwa usisadikiwe.

Padri alinitetea. Lakini toka siku ile mkono ulipofika sandukuni ulisita.

Miaka ilipita, na mwanangu aliyesoma chuo kikuu akanieleza habari ambayo ilinishangaza, kwa kuwa ilitokea karibu wakati uleule, tena kwa watu wenye mali isiyolingana na yetu hata kidogo. Siku ya 11 ya mwezi wa tisa mwaka 2001 waliuawa watu karibu 3,000 katika Marekani, wengi wao katika mji wa New York. Msalaba Mwekundu wa Marekani ukafungua mfuko kwa ajili ya walioumia na jamaa za waliokufa, na watu wakatoa zaidi ya dola milioni 500. Mkubwa wa Msalaba Mwekundu wakati ule alikuwa mama mmoja mganga, Bernadine Healy. Yeye na wenzake walitaka kuweka akiba sehemu kubwa, zaidi ya dola milioni 200, ili iwe tayari kwa hatari nyingine ambazo zingeweza kuja. Mtu mwenye akili atasema kwamba hilo si shauri baya. Lakini waliotoa walikuwa wametoa kwa ajili ya wajane na yatima wa siku ile. Wakakasirika, wabunge nao wakauliza maswali. Mwisho wa mwezi wa kumi mama Healy akatangaza kwamba anaacha kazi, na katikati ya mwezi wa kumi na mmoja Msalaba Mwekundu ukatangaza kwamba feza yote ya mfuko ule itakwenda kwa walioumizwa na shambulio lile. Hapo shauri lilikuwa lile la bati na serumu: wenye feza hawakuulizwa.

Mwanangu akaniletea habari ya pili, nayo ndiyo niliyoipenda. Mwisho wa mwaka 2004 bahari ilifurika katika Asia, ikaua watu zaidi ya 200,000. Feza zikatoka duniani kote kama mvua. Wale waganga tunaowafahamu vizuri hapa Kivu, Médecins Sans Frontières, baada ya siku chache tu walisema wazi: kwa kazi hii tumekwisha kupata ya kutosha, msitupe tena kwa ajili ya bahari. Fikirini! Mtu anayeomba sadaka akisema imetosha! Wengine walikasirika, wakisema watawavunja moyo wenye kutoa. Kisha wakawaandikia wale waliokwisha kutoa, wakawauliza: mnakubali tutumie feza yenu kwa taabu nyingine, au mnataka tuwarudishie? Waliotaka kurudishiwa walikuwa wachache sana. Wengi mno walikubali, na feza ikasaidia watu wa Darfur na wenye njaa wa Niger. Niliposikia hivyo nilimkumbuka muuza makala. Ungaliniuliza, ningalisema ndiyo.

Nisije nikasema kwamba taabu hizi huletwa na wenye kutunza peke yao. Wenye kutoa nao wana mambo yao. Yule mfanya biashara wa dola 100 alitaka jina lake lisomwe siku tatu za Mungu, tena akanishika mkono kandoni akataka shemeji yake wa Goma awekwe wa kwanza katika kugawiwa. Na wengi wetu twataka feza ifike nzima, kama kwamba inatembea kwa miguu yake yenyewe. Hatutaki kusikia habari za nauli, wala za mtunza stoo, wala za petroli. Ndiyo maana watu kama mimi huficha nauli ndani ya maharage. Nasema hivyo si kwa kujitetea. Kosa ni langu. Lakini nani asiyejua jinsi watu wanavyokunja uso wakisomewa neno «safari»?

Kuna jambo jingine linaloniumiza, nalo tunaliona sana katika nchi yetu ya Kivu. Mashirika makubwa hutoa hesabu, tena hesabu ndefu, yenye picha. Lakini hesabu hiyo hupanda tu, haishuki. Inakwenda Ulaya na Marekani kwa wenye feza, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Kijijini hubaki kibao kando ya barabara, chenye majina ya waliolipa chemchemi, na pengine chemchemi imekauka na kibao kingali kimesimama. Ukiwauliza wenyeji: feza ya chemchemi hii ilikuwa ngapi? Hawajui. Katika Haiti, baada ya tetemeko la mwaka 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya karibu dola milioni 500. Mwaka 2015 waandishi wa habari wakaandika kwamba nyumba za kudumu ulizozijenga zilikuwa sita. Wenyewe wakajibu kwamba watu zaidi ya 130,000 wamesaidiwa kupata makao, maana walihesabu pia waliolipiwa kodi, na waliopewa vibanda vya muda, na waliofundishwa ujenzi. Sitaki kuamua kesi yao. Najua tu kwamba hesabu ambayo aliyesaidiwa hakuisikia haina shahidi.

Mtume Paulo alikusanya mchango kwa ajili ya Wakristu maskini wa Yeruzalemu. Someni Waraka wa pili kwa Wakorinto, sura ya 8. Je, Paulo alikuwa mwizi? Nani katika Korinto angethubutu kumhesabia Mtume? Hata hivyo hakutaka kubeba feza peke yake. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu asije akapata sababu ya kuwalaumu, na ili mambo yawe safi mbele ya watu pia, si mbele ya Mungu tu. Miaka mingi nilisikia somo hilo kanisani, nikadhani ni habari za safari.

Basi mwaka 2008, siku ya 3 ya mwezi wa pili, ilikuwa siku ya Mungu asubuhi, ardhi ikatetemeka hapa Bukavu. Watu walikufa kwetu, wakafa na ng'ambo ya Ruzizi katika Rwanda. Nyumba nyingi zilipasuka. Padri akatangaza mchango kwa ajili ya waliobomolewa. Sanduku likapita, likarudi jepesi. Msiseme kwamba watu walikuwa na moyo mgumu. Nilizunguka kartie, nikaona kila mtu akisaidia: huyu anamjengea shangazi, yule anampa jirani mbao. Walitoa kwa mkono, moja kwa moja, mahali macho yao yanapofika. Lakini kulikuwa na mzee mmoja mlinzi wa usiku, mtu wa mbali, hana mke, hana ndugu, hana wa kabila lake katika mtaa. Ukuta wake ulianguka wote. Jicho la nani lilifika kwake? Sanduku lilikuwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Alilala majuma matatu chini ya kipande cha turubai, na mvua za mwezi wa pili mnazijua. Mimi nilipita kwake kila asubuhi nikienda shuleni. Nilijua kwamba turubai lile limetoka katika kaye yangu ya mwaka 2002.

Ndipo nikamwomba Padri ruhusa ya kusema kanisani. Nikasimama, nikaeleza yote, ya maharage na ya bati, bila kuzunguka. Mama alikuwa ameketi upande wa kushoto, hakuinua uso. Nikawaomba wachague watu wawili wa kushika funguo pamoja nami, nami nisiwachague. Wakamchagua yule muuza maharage. Mwanzoni nilifikiri wananidhihaki. Yeye ndiye aliyetaka kitabu kisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi, kwa Kiswahili, na nauli iitwe nauli. Mara ya kwanza tuliposoma «wachukuzi», watu walinung'unika kweli. Mara ya tatu walinyamaza. Mara ya tano mwenye mkokoteni mmoja akasema atatubebea bure siku za juma la pili. Mzee mlinzi alipata ukuta wake, si mzuri sana, lakini ukuta. Tukamsomea yeye naye hesabu ya ukuta wake, matofali na saruji. Akatusahihisha: mifuko ya saruji haikuwa minne, ilikuwa mitatu. Tukatafuta mfuko wa nne siku mbili. Ulikuwa umesahauliwa katika stoo ya shule.

Mama muuza makala hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Alirudi kutoa mwaka uleule, faranga chache, akasimama mbele yangu mpaka nilipomaliza kuandika, kisha akasema: «Soma.» Nikamsomea. Akaenda zake. Alifariki mwaka 2015. Mungu ampumzishe.

Siku ya 22 ya mwezi wa tano mwaka 2021 Nyiragongo ilipasuka tena, na bato zikafika tena zimejaa watu na magodoro. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha kazi, lakini waliniita kusaidia kuandika, kwa sababu mchango ulikuwa mkubwa. Wa kwanza katika mstari alikuwa binti wa yule mama, naye anauza makala mahali palepale. Alikuwa amekunja ngumi juu ya feza yake. Nikanyosha mkono kupokea. Ngumi haikufunguka.

«Kitabu kiko wapi, Mwalimu?»

Nikakifungua mbele yake, nikachukua kalamu.